Mzee kaombwa atoe neno la shukrani kwa bei ya korosho, na hela ya 2018 bado hajaiona. Aseme nini?

Mtoto wa Newala

Wakuu habari zenu. Nyie wa Mtwara, Lindi na Tunduru ndo nawalenga zaidi ila yeyote mwenye mawazo karibu, maana hili jambo limetugawa nyumbani mpaka dada yangu mkubwa kalefti grupu la familia.

Baba ni mkulima wa korosho upande wa Newala, ana miaka 74 sasa. Tarehe 20 mwezi huu wa 9, 2025, AMCOS yao (chama cha ushirika cha wakulima) wana mkutano mkuu, safari hii kuna mgeni anatoka wilayani, so viongozi wamemfata mzee nyumbani wakamwomba yeye kama mkulima wa siku nyingi asimame atoe neno la shukrani. Ya nini? Ya bei. Na kweli bei ya msimu uliopita haikuwa ya mchezo, minada ya mwanzo 2024 ilivuka 4,000 kwa kilo, watu waliokuwa wamezoea kusikia elfu mbili na kidogo walikuwa wanaulizana mara mbili mbili kama wamesikia vizuri. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, imekuja, mzee kapuliza, mdogo wangu kapaua nyumba kwa hela hiyo hiyo. Sijaja hapa kubeza, bati naziona kwa macho yangu.

Shida iko chini ya kitanda cha mzee. Kuna mfuko wa rambo, ile ya zamani kabla haijapigwa marufuku, ndani kuna karatasi za mzani za msimu wa 2018. Kilo 1,900. Zimeandikwa jina lake zote ila humo ndani kuna korosho za shangazi, dada yake mzee, alikuwa na ekari tatu jirani na hizi nne za mzee na hakuwa na akaunti ya benki, na mwaka ule serikali ndo ilinunua na hela zilikuwa zinapita benki, basi akasema kaka pimia kwako tutagawana. Ikaja timu ya serikali ya uhakiki. Wakatembezwa shamba la mzee, wakahesabu, wakasema miti hii haitoi kilo 1,900, hizi nyingine umenunua kangomba, yaani kimagendo kijijini nje ya chama. Mzee akaeleza habari ya dada yake, shangazi mwenyewe akaja kasimama pale na kanga yake, hawakutaka. Akalipwa kilo 1,040. Zile 860 akaambiwa zinashughulikiwa. Piga mara 3,300, bei ya serikali ya mwaka ule, ni 2,838,000 kabla ya makato. Shangazi kafariki 2021 na mzee mpaka leo anaamini dada yake amekufa akidhani yeye kaila ile hela.

Sasa sikilizeni kichekesho. Yule mzee aliyeitwa kangomba akiwa siye, tangu siku ile ndo akawa anauza kangomba kweli. Sio zote, anagawa. Mwaka jana mwezi wa 8 alikuwa kashauza gunia nne zikiwa bado juu ya mti, 1,700 kwa kilo, hela mkononi. Oktoba bei ikagonga 4,000. Tulipomuuliza akajibu "hizo nne ndo zilikuwa na uhakika".

Dada anasema mzee atoe shukrani akae, mambo yameanza kunyooka asije akaonekana mchochezi. Mdogo wangu anasema akatae kabisa kusimama. Mimi nipo katikati, naona aseme yote mawili ila sijui atayasemaje bila kuharibu. Na yeye mwenyewe ukimuuliza anasema "nitaangalia siku hiyo nimeamkaje". Nisaidieni.

---

Bibo Bichi

Mwambie mzee aanze na shukrani amalizie na deni, katikati apige uraka, pombe ya mabibo, kikombe kimoja 😂

Serious sasa, huyo mgeni wa wilayani 2018 wala hakuwepo hapo. Atamwangalia mzee kama anaongea Kichina.

---

Sauti ya Mnada

Mkuu mtoa mada pole kwa ya shangazi. Lakini naomba tuseme ukweli wote maana uzi kama huu huwa unaishia kwenye lawama tu.

2018 mnakumbuka ilianzaje? Mwaka wa nyuma yake bei ilipita 4,000, watu wakawa na zile stori za kunyweshana bia na kuku, za kweli za uongo sijui. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na elfu mbili na ushee, kuna sanduku la zabuni lilifunguliwa na bei ina moja mbele. Wakulima WENYEWE walikataa kuuza, hawakushikwa mkono. Serikali ikaingilia, kwanza wanunuzi wakaambiwa wasishuke 3,000, Novemba Magufuli akawafukuza kabisa, mawaziri wawili wakaondoka, magari ya jeshi yakaja kusomba na bei ikatangazwa 3,300. Siku ile nilikuwa Masasi, vigelegele nimevisikia kwa masikio haya. Sokoni hakuna mtu angekupa 3,300. Kwa hiyo mzee wako kwa zile 1,040 alizolipwa alipata zaidi ya ambavyo angepata kwa mnunuzi yeyote.

Uhakiki nao haukutoka hewani. Kangomba ilikuwepo, kuna watu hawana hata mkorosho mmoja walipeleka tani kumi. Bila kuhakiki hela ya serikali ingeenda kwao. Kosa lilikuwa kwenye utekelezaji, nia ilikuwa njema. Ushauri wangu, shukrani siku ya shukrani, madai yaandikiwe barua. Tusichanganye.

---

Mtoto wa Newala

Sauti ya Mnada nakubali vigelegele vilikuwepo, na mzee alikuwa kwenye hao waliopiga. Ndo maana inauma. Barua ameandika mara tatu, 2019, 2020 na baada ya msiba wa shangazi. Ya pili ilipokelewa ikagongwa muhuri, hizo nyingine sijui zilifungiwa maandazi.

---

Kangomba Mstaafu

Jina langu linajieleza sina haja ya kujitetea, nilinunua kangomba misimu minne nikaacha, sasa nina bodaboda mbili. Naomba niwaambie kitu ambacho kwenye mikutano hamsemi.

Hakuna mkulima anayeipenda kangomba. Anajua anaibiwa. Kipimo changu kilikuwa kinabeba zaidi ya kilo na kilikuwa kinaitwa kilo, hilo nakiri mbele zenu. Lakini mwezi wa 7 na wa 8 mtoto anaumwa, palizi inadai, kuna mwali anatoka unyagoni, hela ya korosho iko mbali kama Ulaya. Mimi nakuja na elfu hamsini mfukoni. Wewe una mdomo mtamu wa mfumo wa stakabadhi ghalani, peleka ghalani zipigwe mnada ulipwe baadaye. Nani atashinda?

Na sasa msikilize kilichotokea baada ya 2018. Kabla ya hapo wateja wangu walikuwa ni wale wenye shida ya ghafla. Baada ya hapo wakaanza kunifata wazee wenye mashamba yao makubwa, wenye bati, ambao hawana shida yoyote. Namuuliza mzee wewe una njaa? Ananiambia sina njaa ila nataka hela niione. Msimu wa 2019 nilinunua mara mbili ya nilivyozoea na sikumshawishi mtu. Watu walikaa miezi, wengine zaidi ya mwaka, wanaulizia majina yao kwenye karatasi za ukutani. Hao wakaguzi walikuja kutukomesha sisi, wakatuletea wateja.

So mtoa mada, mzee wako sio kichaa. Anaweka bima.

---

dada wa Masasi

Kangomba Mstaafu umeongea kitu hapo, ingawa na hicho kipimo chako Mungu anakuona.

Mimi nataka kuongelea shangazi maana naona mmempita haraka. Wangapi walikuwa kama yeye? Huku kwetu mwanamke ana mikorosho yake kabisa, karithi kwa mama yake, ila kwenye daftari la chama ipo kwa jina la kaka, la mume au la mtoto wa kiume, kwa sababu ya kadi na akaunti na kusumbuka foleni. Ilikuwa mambo ya kawaida wala sio wizi. Siku uhakiki ulipokuja kila korosho iliyokaa kwenye jina lisilo lake ikawa kangomba. Mama yangu mdogo alikosa kilo 300 na zaidi namna hiyo hiyo na hakuwahi kuandika hata barua maana hakuna karatasi yenye jina lake, aandike anadai nini. Mzee wako ana mfuko wa rambo, yule mama hana hata mfuko.

Ushauri wangu ni wa kivitendo. Kabla ya tarehe 20 pita nyumba kwa nyumba hapo kijijini, uliza nani ana karatasi ya 2018 isiyolipwa au iliyolipwa nusu. Andika jina, kilo zilizopimwa, kilo zilizolipwa, na korosho zilikuwa za nani kweli. Hiyo safu ya mwisho usiisahau. Piga picha karatasi zote maana wino wa zile risiti unafutika, zangu mimi zingine zimebaki nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Halafu nakala moja chama, moja chama kikuu, moja kwa mrajis msaidizi wa mkoa, yule msimamizi wa vyama vya ushirika. Mzee akisimama anasimama na orodha, hasimami na kisirani chake.

---

Sauti ya Mnada

dada wa Masasi hili la majina ya wanawake sikuwa nimelifikiria kwa kweli. Orodha naunga mkono. Ila bado nasema sio siku ya mgeni.

---

dada wa Masasi

Mgeni asipokuwepo watamwambia subiri tutamwambia mgeni.

---

Sheria Kijiweni

Wakuu niwape habari isiyofurahisha. Dai la mkataba kwa sheria yetu ya ukomo wa madai ni miaka 6. Korosho zilipimwa mwishoni mwa 2018, tukihesabu hata kuanzia mapema 2019 hela ilipotakiwa kulipwa, miaka 6 imeshapita mwanzoni mwa 2025. Ukienda mahakamani leo kitu cha kwanza wakili wa upande wa pili atasimama na kusema limepitwa na wakati na jaji atalitupa nje kabla hajafungua hata hiyo rambo.

Kuna mlango mdogo. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda ukimwomba ukawa na sababu, ila haongezi zaidi ya nusu ya muda wa kawaida, yaani hapo miaka 3. So kuna dirisha mpaka kama mwanzoni mwa 2028 na kulifungua sio kazi ndogo, sio kitu cha mzee mmoja na kilo 860. Ni kitu cha orodha ya watu wengi kama dada alivyosema.

Kwa hiyo wale mnaosema "asubiri wakati mzuri", wakati mzuri wenyewe una tarehe ya kuisha. Na miaka yote mlikuwa mnamwambia asubiri bei ikae sawa kwanza. Imekaa sawa, kesi imekufa.

---

Bibo Bichi

Dah 💔

---

Mzee wa Mahame

Wanangu hamjambo. Mimi huandika kwa shida, simu ni ya mjukuu, mnisamehe herufi.

Nimesoma yote. Nyinyi mnaona 2018 ni zamani. Mimi nina ya 1974.

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji tulihamishwa. Baba yangu alikuwa na mikorosho mia mbili na kitu, kapanda mwenyewe, mingine kaipanda siku mtoto anapozaliwa, mimi wangu ulikuwa karibu na kisima. Tukapelekwa kijijini kando ya barabara, kutoka kule mpaka shamba kwa mguu asubuhi mpaka jua la saa nne. Mwaka wa kwanza tulikwenda kuokota. Wa pili tulikwenda kidogo. Wa tatu nyasi zikapanda kichwani, moto wa kiangazi ukaingia, mti wa korosho haupendi moto. Na bei ya wakati ule ukiokota ukipeleka hailipi hata viatu vilivyokupeleka. Ukaja na ule ugonjwa wa ubwiri unga, maua yanakuwa kama yamepakwa unga wa muhogo halafu yanakauka. Nchi nzima ilikuwa inatoa tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kufika katikati ya miaka ya 80 hatukufika hata 20,000. Na wakati huo huo wanajenga viwanda vya kubangua kwa mikopo, Mtwara, Masasi, Newala, Lindi, mashine mpya zinang'aa zinangoja korosho zilizo porini. Mikopo tukalipa. Viwanda vingine vikaja kuuzwa vikawa maghala ya kuwekea magunia.

Wakati wa ruksa, enzi za Mwinyi, tukaanza kurudi mahameni, kule tulikohamishwa, mmoja mmoja. Watu wa utafiti wa Naliendele wakatufundisha salfa. Korosho ikafufuka, tukasomesha. Hakuna aliyetuita akasema jamani kule kuwahamisha kwenye miti yenu tulikosea. Na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunafurahi tumerudi, nani ataharibu furaha kwa kuuliza? Tukasema yaishe.

Sasa nitawaambia kilichonipata. Miaka michache hapa kuna mgogoro wa mpaka kule shambani, wakaja vijana wa ardhi wakauliza nani alipanda hii miti na lini. Mimi nasema baba yangu, kabla ya uhuru. Wananiambia mzee maandishi yako wapi, kumbukumbu zinaonesha hapa palikuwa pori. Palikuwa pori! Ni kweli palikuwa pori kwa sababu mlitutoa. Hilo neno la kwa sababu halipo kwenye faili lolote. Nikapoteza upande wa kisima, na mti wangu ukaenda nao.

Mwambie baba yako mimi si mtu wa kumfundisha mwenzangu maneno. Ila hiyo rambo asiitoe nje ya nyumba bila kupiga picha.

---

Mtoto wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea baba kwa simu ulichoandika, neno kwa neno. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akauliza "huyo ni wa upande gani?" Nikamwambia sijui baba. Akasema "muulize kisima kile kilikuwa na mwembe?"

---

Mzee wa Mahame

Marahaba mwanangu. Hakikuwa na mwembe. Kilikuwa na mkwaju. Basi sio jirani yangu, lakini msalimie.

---

Pwani254

Salamu kutoka Kilifi. Nyinyi angalau mnalilia bei, sisi kiwanda chetu cha korosho kilijengwa miaka ya 70, baba yangu alifanya kazi pale, miaka ya 90 kikafungwa na wakulima wakabaki wanadai. Watu walichoka wakakata mikorosho wakachoma makaa. Siku hizi naona bei inapanda kidogo na watu wanapanda miche mipya, lakini ukimwambia mzee wa kule apande anakuuliza "nipande nimpe nani?"

Halafu pole kwa ile kampuni ya kwetu iliyosaini kuwanunulia tani 100,000 mwaka 2019 ikaingia mitini. Tulicheka huku na kuona haya pia.

---

Kangomba Mstaafu

😂😂 Pwani254 hiyo tulishasamehe. Hatujasahau lakini.

---

Mpita Njia wa Liwale

Mtoa mada sikiliza na upande wa hatari. Mimi ni wa Liwale. Aprili 2013 malipo ya pili ya korosho yalikuja pungufu na watu walivyoahidiwa, na viongozi badala ya kukaa na watu waeleze wakajificha. Unajua kilichofuata, nyumba za viongozi na za wanasiasa zilichomwa moto usiku mmoja. Nimeona kitanda cha mtu kinaungua barabarani. Kuna mtu aliyechomewa ambaye mpaka leo naamini hakula hata shilingi, alikuwa mjumbe tu wa bodi anasaini anachopewa.

Kwa hiyo wanaosema tunyamaze wana woga wao na mimi nauelewa. Lakini Liwale haikuwaka kwa sababu mtu alisimama kwenye mkutano akauliza kwa adabu. Iliwaka kwa sababu walioulizwa kwa adabu mwanzo hawakujibu. Mzee akiongea na rambo yake huyo ndo mtu wa amani hapo, wamshukuru yeye.

---

Sauti ya Mnada

Hapa nimeshindwa wakuu. Naondoa hoja ya mgeni.

Ila kitu kimoja nibaki nacho, asiseme kwa namna ya kuifuta shukrani. Msimu uliopita wa 2024/25 nchi ilitoa zaidi ya tani laki tano, ilikuwa haijawahi kutokea. Kuna vijana walirudi kutoka Dar kulima kwa sababu ya hiyo bei. Mtu akisimama akasema bei ni danganya toto watamzomea wakulima wenzake kabla ya mgeni.

---

Mtoto wa Newala

MREJESHO

Wakuu samahani nimechelewa, mtandao kule kwetu mnaujua. Mkutano ulikuwa Jumamosi ile tarehe 20, nilisafiri kutoka Mbagala usiku kucha.

Orodha tulifanya mimi na mdogo wangu siku mbili, kwa bodaboda. Nilidhani tutapata watu watano. Tulipata 31, na kati yao 12 ni korosho zilizokuwa za mwanamke kwenye jina la mwanaume, dada wa Masasi ulipiga penyewe. Wanne ni marehemu, tuliandika watoto wao. Nyumba tatu walikataa kutuandikisha, mmoja alisema mimi nimeshakula hela ya mwaka jana nimeshiba msinitie nuksi. Sikumlazimisha.

Mkutano ulianza saa sita badala ya saa tatu, mgeni alichelewa. Taarifa ya mapato ikasomwa, makato yakasomwa haraka haraka kama kawaida yao, watu wakapiga makofi kwenye bei. Mzee akaitwa. Kavaa koti la harusi ya dada, joto lote lile.

Hakuwa na karatasi ya hotuba. Alishukuru kweli, hakushukuru kwa mdomo tu. Alitaja salfa, alitaja kwamba safari hii hela iliingia kwa wakati, alisema "mwaka jana nimenunua bati nikiwa mzima, nilidhani nitanunuliwa sanda". Watu wakacheka. Halafu akasema, na hapa namnukuu kama nilivyorekodi kwenye simu, "Sasa mimi nimefundishwa kwamba mtu akikulipa la leo unamshukuru, na la jana unamkumbusha, maana ukishamshukuru ndo anakuwa na uso wa kukusikiliza. Mwaka 2018 niliambiwa mimi ni kangomba. Nilikuwa siye. Baada ya hapo nikawa. Mwaka jana nimeuza gunia nne kwa 1,700, mwenyekiti unanijua, wala sijajificha. Nataka kuacha. Nisaidieni niache."

Akaiweka rambo juu ya meza ya mgeni. Pakawa kimya, mwenyekiti akaanza kusema mzee hilo tutalichukua, mama mmoja kule nyuma akasimama akasema na mimi niandikeni, wa pili, wa tatu, tukaitoa orodha mbele.

Kelele hazikutokea. Mgeni alisema yeye hana majibu ya 2018 na hataki kumdanganya mzee, nikamheshimu kwa hilo, ila alisaini kwamba amepokea orodha ya watu 31 na nakala ikagongwa muhuri mbele yetu. Wanne waliongezeka pale pale ikawa 35. Kuhusu lile neno kangomba mzee alitaka lifutwe kwenye faili lake, maana kumbe bado lipo, karani alifungua daftari la zamani tukaliona kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina. Karani akasema hana mamlaka ya kufuta ila anaweza kuandika. Akaandika chini yake "korosho hizi zilikuwa za dada yake", na jina la shangazi kamili, na tarehe. Mzee alimwomba amsomee mara mbili.

Hela? Hakuna hela. Sheria Kijiweni naomba nikufate inboksi kuhusu ile ya waziri.

Leo asubuhi wakati natoka nimemkuta anapanga magunia ya mwanzo ya msimu huu, yapo sita. Nikamuuliza ngapi zinaenda ghalani. Akasema tano. Na hiyo moja baba? Akasema hiyo tutaona wenzake wamelipwa lini.